Baiskeli ya Injini ya Mtindo wa Kale na Tanki la Kujitengenezea: Mafunzo Kutoka Dodoma

Wengi wanaotaka baiskeli ya injini huanza kwa kuagiza injini. Ushauri wetu ni uanze na magurudumu na breki, uende kwenye tanki, injini uifunge moja kwa moja mwishoni. Injini inatoka kiwandani imekamilika, na ikiharibika utaifungua ubadilishe kipuri. Tanki utalitoa kwenye bati tupu. Ndilo linaloamua kama chombo chako kitafanana na pikipiki za mwanzo wa karne iliyopita au kitabaki baiskeli iliyobandikwa mashine. Tena likivuja, petroli inadondokea silinda ya moto iliyo katikati ya magoti yako. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu tanki.

Pikipiki za mwanzo zilikuwa baiskeli kweli. Mwaka 1901 George Hendee na Oscar Hedstrom walianza kuunda Indian pale Springfield, Massachusetts, kwa fremu ya baiskeli, injini ya silinda moja, na tanki lililopanda juu ya madigadi ya nyuma kama nundu ya ngamia. Harley-Davidson wakafuata mwaka 1903 mjini Milwaukee. Miaka michache baadaye tanki lilikuwa limeshahamia ndani ya fremu, likawa sanduku refu na jembamba chini ya bomba la juu. Umbo hilo ndilo tunalolifuata, na bahati nzuri Phoenix au Hero iliyoegeshwa uani ina mistari ileile: bomba la juu limelala sawa, foki imeinama mbele, tandiko lina springi. Fremu haihitaji kupambwa. Inahitaji kukaguliwa. Kwangua rangi kwenye maungio ya shingo na kwenye ekseli ya pedali, ondoa vumbi, angalia nyufa kwa tochi. Fremu iliyowahi kuchomelewa karibu na shingo iache ibebe magunia ya mkaa, usiifungie injini.

Magurudumu na breki

Phoenix nyingi za zamani zina magurudumu ya inchi 28, spoki 32 mbele na 40 nyuma. Hapo ndipo watu hukwama. Sproketi ya nyuma inayokuja na injini za Kichina ina meno 44 na matundu 9, na hubanwa kwenye spoki kwa raba mbili, moja ndani na moja nje. Matundu hayo 9 yamepangwa kwa gurudumu la spoki 36, ambalo kila upande una spoki 18, yaani jozi 9. Gurudumu la spoki 40 lina jozi 10 kila upande. Ukilazimisha, boliti nyingine zitaangukia juu ya spoki, sproketi itakaa nje ya kitovu kwa milimita mbili tatu, na cheni itakuwa inakaza na kulegea katika kila mzunguko. Baada ya hapo spoki zinaanza kukatika moja moja upande wa sproketi, pale zinapopinda kuingia kwenye habu.

Njia ziko tatu. Unaweza kumpelekea fundi wa kukereza vyuma akutengenezee kola ya vipande viwili inayobana kwenye mwili wa habu, sproketi ifungwe juu ya kola. Unaweza kutoboa sproketi upya matundu 10. Au unasuka gurudumu upya kwa habu na rimu za spoki 36. Sisi tunapendelea hii ya mwisho, kwa sababu inatatua na tatizo la breki.

Rimu za Phoenix zenye breki za vyuma zimeviringwa pembeni, na raba za breki hukandamiza upande wa ndani wa rimu. Ziliundwa kwa mtu anayepiga pedali kwa kilomita 15 hivi kwa saa. Sasa piga hesabu ya injini hii: gia ya ndani inapunguza mara 4.1, sproketi ya mbele ina meno 10, ya nyuma 44, kwa hiyo injini inazunguka mara 18 gurudumu linapozunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, gurudumu la inchi 28 linakupa karibu kilomita 37 kwa saa. Nguvu ya mwendo inapanda kwa kipeo cha pili cha kasi, hivyo breki zinatakiwa kumeza mara sita ya kile zilichozoea. Weka rimu zenye kuta bapa na breki za kubana pande zote mbili. Ukipata habu ya mbele yenye breki ya ngoma, hiyo ni bora zaidi, na hata kwa macho inaendana na mtindo wa kale.

Na kwa kuwa tuko Dodoma, mbigili. Kiangazi zimejaa kila njia ya vumbi, kuanzia Nkuhungu hadi Hombolo, na pancha ya gurudumu la nyuma kwenye baiskeli hii ni kazi: unafungua cheni mbili, ya pedali na ya injini. Vika ndani ya tairi utepe wa tyubu kuukuu iliyopasuliwa katikati, kisha ndipo uweke tyubu mpya. Inaongeza uzito kidogo, lakini inafaa.

Tanki: kupima kabla ya kukata

Fungisha injini kwa muda, bila kukaza mwisho, ili uone nafasi iliyobaki. Injini inayouzwa kwa jina la sisi 80 kwa kweli ni sisi 66, kipenyo cha pistoni milimita 47 na mwendo wake milimita 38. Inakaa kwenye pembe ya chini ya fremu, ekzosi ikitazama mbele na kabureta nyuma, upande wa bomba la kiti. Fremu ya Phoenix ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo kati ya hedi ya silinda na bomba la juu kuna nafasi ya kutosha. Usiimalize yote. Acha angalau sentimita 6 juu ya plagi, la sivyo kila ukitaka kuifungua itabidi ushushe tanki, na injini ya tustroki mpya plagi yake inafunguliwa mara nyingi.

Chora umbo kwenye kadibodi ya boksi, likate, ulining'inize kwa kamba kwenye fremu, kisha panda upige pedali taratibu. Magoti yakigusa, punguza upana. Kwa watu wengi upana wa sentimita 7 unapita bila shida. 9 unaanza kukera. Mfano wa vipimo vinavyofaa: urefu sentimita 45, kimo 9, upana 7. Ukizidisha unapata sentimita za ujazo 2,835, na ukiviringa pembe nne kwa nusu kipenyo cha sentimita 3 unapoteza kama 54, hivyo linabaki tanki la lita 2 na robo tatu hivi. Injini ikiwa sawa inakwenda kilomita 35 hadi 45 kwa lita. Safari ya Chamwino na kurudi haikutishi.

Sakafu ya tanki iinamie nyuma kwa sentimita 1 au 2, na koki ikae kwenye kona ya chini ya nyuma. Sababu mbili. Kabureta iko nyuma, na petroli hapa inashuka kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Pia unapopanda mlima ndipo injini inakunywa zaidi, na mlimani mafuta yanakimbilia nyuma. Ukiweka koki mbele, utazimikiwa kwenye mwinuko huku una nusu lita ndani. Mdomo wa koki uwe juu ya bakuli la kabureta kwa sentimita 5 au zaidi hata tanki likiwa linakaribia kuisha.

Bati na namna ya kuliunga

Tumia bati jeusi jipya la geji 18, yaani milimita 1.2, au geji 20 ya milimita 0.9 kama fundi wako ana mkono mwepesi. Hutahitaji kununua shiti nzima. Gereji za kutengeneza mageti pale Kizota huwa na vipande. Tanki zima la geji 18 linatoka na uzito usiofika kilo 2.

Bati la kuezekea usilichomelee. Lina zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kubana kifua usiku wake, na mshono wenyewe unabaki na vitundu. Bomba la plastiki la maji nalo halifai, gundi yake inalainishwa na petroli. Kopo au tanki kuukuu lililowahi kubeba petroli usilisogeze kwenye moto, hata kama limekaa tupu miezi. Mvuke uliojificha kwenye mikunjo unatosha kulipua. Ukiambiwa na fundi, "Kaka, hili limekauka, nitalisuuza na maji tu," mshukuru, ulichukue kopo lako.

Tanki letu lina vipande vitatu vikubwa: kuta mbili za pembeni na ukanda mmoja unaozunguka. Kata kuta sentimita 47 kwa 11, ili kila ukingo ubaki na sentimita 1 ya kukunjia ndani. Tengeneza kalibu ya mbao ngumu, mninga unatosha, yenye umbo la ukuta, bana bati juu yake kwenye jiriwa na upige ukingo kwa nyundo ya mpira taratibu, ukizunguka mara kadhaa. Ukikunja kona kwa pigo moja bati litafanya makunyanzi, na makunyanzi hayo ndiyo yatakayovuja. Ukanda uwe na upana wa sentimita 7 na urefu wa 104: mzunguko ni karibu 103, na moja ni ya kupishania. Ukanda unavikwa juu ya kingo zilizokunjwa, hivyo kila mshono una bati juu ya bati. Bati jembamba likigusanishwa kingo kwa kingo linatoboka chini ya moto, likipishana linavumilia.

Kabla ya kufunga upande wa pili, weka ndani kuta mbili ndogo zinazogawa tanki vyumba vitatu, kila moja ikiwa na matundu ya milimita 10 katikati na pengo kwenye pembe za chini na za juu ili mafuta na hewa vipite. Kuta hizi zinazuia petroli isipige mbele na nyuma unapofunga breki, na zaidi ya yote zinashikilia zile kuta kubwa za pembeni. Ukuta mrefu usio na kitu cha kuushika hutetemeka pamoja na injini mpaka upasuke kando ya mshono.

Kuhusu kuunga, mashine nyingi za umeme mitaani zina moto mkali kwa bati hili. Kama ni umeme, mwambie fundi atumie fimbo za milimita 2 au 2.5, ashushe moto hadi karibu ampea 50, apige pointi kila sentimita 3 kwa kuruka huku na huku, kisha ajaze vipande vifupi huku akiacha bati lipoe. Bora kuliko hapo ni gesi na fimbo ya shaba na unga wa boraksi. Shaba hiyo inayeyuka karibu nyuzi 900, chini kabisa ya chuma, inaingia kwenye mpishano wa bati kwa kunyonywa, na bati halijipindi sana. Mafundi wanaounga fremu za baiskeli kwa gesi wanaijua kazi hii.

Kuna na njia ya risasi ya kulehemu, ile ya mafundi bati wanaotengeneza vibatari, na matanki mengi ya zamani yaliungwa hivyo. Inafaa kwa sharti moja: risasi izibe tu, isibebe nguvu. Mshono ukunjwe ukunjane, au ubanwe kwa riveti kila sentimita 2, ndipo risasi ipite. Mshono wa risasi tupu utaachia kwa mtikisiko, kwa kuwa risasi hiyo ni laini na inaanza kuyeyuka karibu nyuzi 200. Asidi inayosafishia bati kabla ya risasi lazima iuawe baadaye: suuza ndani kwa maji ya moto yenye vijiko viwili vya magadi ya kupikia kwa lita, mara mbili, kisha maji safi. Usitumie magadi soda ya kutengenezea sabuni, hayo yanakula risasi yenyewe.

Shingo na nati ya koki viungwe kabla ya kufunga sanduku, ili uweze kusafisha kwa ndani. Mpelekee fundi wa kukereza koki yenyewe mkononi, asikisie uzi wake. Shingo ikereze mpya pamoja na kifuniko. Ukitaka kutumia ya tanki la bodaboda, ikatwe kwa msumeno wa mkono baada ya kuoshwa na kujazwa maji, bila grinda. Bomba la koki lipande milimita 10 juu ya sakafu ili uchafu na maji vibaki chini.

Kifuniko kinahitaji tundu la hewa la milimita 1 hadi 1.5. Hewa isipoingia, petroli inakataa kushuka, injini inakufa baada ya dakika chache, unasimama, unafungua kifuniko, inavuta "fsss", inawaka tena. Watu wamebadilisha kabureta nzima kwa dalili hii. Kwa vumbi letu la Julai na Agosti, usiache tundu wazi kuelekea juu. Unga kijibomba chembamba kilichopinda kutazama chini.

Kupima uvujaji

Anza na hewa. Ziba shingo, unganisha pampu ya baiskeli kupitia mpira, zamisha tanki kwenye karai la maji. Hewa kidogo sana: 0.2 ya bar inatosha. Kila ukuta wa tanki hili una sentimita za mraba 405, na kwa mgandamizo huo tayari unasukumwa kwa kilo 80. Ukilipampu kama tairi litavimba na halitarudi.

Viputo vinaonyesha matundu makubwa. Matundu madogo unayatafuta kwa mafuta ya taa na chokaa. Koroga chokaa au unga wa chaki kwa maji, paka mishono yote kwa nje, acha ikauke iwe nyeupe. Mimina ndani nusu lita ya mafuta ya taa, funga, ulilaze tanki ubavu mmoja kwa saa mbili. Geuza, ubavu mwingine. Mafuta ya taa hupenya pale maji yanaposhindwa. Mahali palipo na kitundu, doa la kijivu linatokea kwenye weupe, kwanza kama nukta, kisha linatanuka kufuata mshono. Chora duara kwa penseli kabla halijasambaa, maana likishaenea hutajua lilianzia wapi. Kabla ya kurudisha moto kwenye doa hilo, mwaga mafuta yote, osha kwa maji ya sabuni ya moto mara kadhaa, jaza maji mpaka karibu na mahali pa kuunga na uache shingo wazi.

Likishapita, tia ndani konzi ya nati ndogo na maji, tikisa kwa dakika kumi hadi magamba ya moto yatoke. Kutu ikionekana, lijaze siki usiku mzima, suuza kwa maji ya magadi, kausha juani siku hiyohiyo, na mara moja zungusha ndani petroli yenye oili ili bati lisishike kutu tena. Chujio kwenye mpira wa mafuta ni lazima.

Kipimo cha mwisho watu wengi hukiruka. Injini ikikimbia kwa nguvu inatumia karibu lita moja kwa saa, yaani mililita 15 au zaidi kidogo kwa dakika. Tia mililita 300 tu kwenye tanki, funga kifuniko, fungua koki mpira ukiwa kwenye chupa, hesabu dakika moja. Ukipata 100 au zaidi, njia ni safi. Mililita hizo zikipungua dakika hadi dakika kwa haraka kuliko kiwango cha mafuta kinavyoshuka, rudi kwenye tundu la hewa.

Rangi ya kopo la kupuliza inavuliwa na tone moja la petroli. Nenda kwa wapaka rangi wa magari, wakupigie praima, rangi, na vanishi ya kuchanganya na hadena. Kama unataka kufuata asili, Harley-Davidson walijulikana kwa kijivu, na Indian kwa nyekundu iliyoiva. Tairi za rangi ya maziwa pia ni za kweli: mpira wa zamani haukuwa na masizi yanayoufanya mweusi.

Funga tanki kwa mikanda miwili ya chuma bapa, milimita 20 kwa 2, na kila linapogusa fremu weka raba ya tyubu iliyokunjwa mara mbili. Usilichomelee kwenye fremu. Fremu inapinda kidogo kila unapoingia shimoni, na tanki lililounganishwa nayo litapasuka kwenye ungio.

Injini, haraka

Stadi (boliti zisizo na kichwa) za kufungia injini zikiwa za milimita 6, zitoe, weka za 8 na nati za kujifunga. Usitoboe bomba la chini la fremu ili kupitisha boliti. Tumia klampu, na pengo lililobaki lijaze kwa kipande cha chuma kilichokerezwa kufuata duara la bomba. Sproketi mbili zipimwe kwa uzi ulionyooka. Cheni iwe na mchezo wa milimita 12 hadi 20. Kwa kuwa Phoenix inavuta gurudumu kwa nyuma, mara nyingi unaweza kukaza cheni bila kile kipulei cha kubana cheni kinachokuja na injini, na ni heri, maana kikizunguka kinaingia kwenye spoki. Kama huwezi kukikwepa, kifunge na boliti ya ziada isiyokiruhusu kugeuka.

Umeme: bluu kwa bluu, nyeusi kwa nyeusi, ule waya mweupe uufunge utepe uuache. Plagi pengo lake milimita 0.6. Maungio ya kabureta na silinda yakipitisha hewa, injini italia juu hata ukiachia mkono. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye ungio, mlio ukibadilika umeshapaona.

Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyopangwa pwani itakuwa inamwaga petroli nyingi huku: moshi mzito, plagi nyeusi yenye majimaji, injini inakwaruza ukifungua mkono wote. Pandisha klipu ya sindano ya kabureta ngazi moja, sindano inashuka, petroli inapungua. Plagi yenye rangi ya kahawia ndiyo unayotaka. Ikiwa nyeupe, rudisha mara moja, hapo pistoni iko hatarini.

Oili ni ya tustroki pekee. Oili ya gari haiungui vizuri, inajaza masizi kwenye tundu la ekzosi hadi injini ikose pumzi. Lita 5 za kwanza changanya 16 kwa 1, yaani mililita 62 kwa lita. Baadaye 25 kwa 1, mililita 40. Sirinji ya mililita 20 kutoka duka la dawa inapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa. Changanya kwenye dumu, usimimine oili moja kwa moja kwenye tanki: itatuama chini na kuingia kwenye koki ikiwa nzito. Petroli ya chupa inayouzwa vijijini ichuje kwa kitambaa, na iache itulie uone kama kuna maji chini.

Kwa lita hizo tano usizidi kilomita 25 kwa saa, badilisha mwendo mara kwa mara, usiikamue mlimani. Saidia kwa pedali. Baada ya kuwaka mara ya kwanza na kupoa kabisa, rudia kukaza nati za hedi kwa kukatiza kona, na angalia kila nati ya chombo kizima. Usijaze tanki hadi shingoni. Petroli inavimba karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10, na baiskeli iliyotoka kivulini ikasimama juani saa saba mchana itatema kwenye tundu la hewa, juu ya rangi yako mpya na juu ya hedi.

Ukishafunga injini, kisheria hicho ni chombo cha moto. Kabla hujaingia nacho barabara ya Morogoro au ya Singida, uliza TRA na trafiki kuhusu usajili, bima na leseni, na vaa helmeti hata kwa kwenda sokoni Majengo.

Unapoegesha kwa zaidi ya siku mbili, funga koki injini ikiwa inawaka na uiache ijizime yenyewe. Petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inakauka upesi kwa joto letu, oili inabaki ikinata kwenye jeti na kwenye boya linalofunga petroli bakuli likijaa. Boya likinata wazi, koki isipofungwa, tanki zima litamwagika sakafuni usiku, kwa hiyo kilaze chombo hiki nje ya nyumba, mbali na jiko la mkaa.